SWALI LINALOKAWIA NDANI YA DAFTARI KUBWA

Ifikapo mwisho wa mwezi, katika kambi za jeshi na vituo vya polisi vya nchi nyingi, jambo moja huwa midomoni mwa watu wote: mshahara. Zamani mlipaji alifika na sanduku la fedha, akaketi nyuma ya meza, akafungua daftari, na askari akapiga saluti kisha akatia sahihi au dole gumba. Siku hizi mahali pengi sanduku hilo limekwisha kuondoka, na daftari limeingia ndani ya kompyuta. Lakini kusubiri hakukuondoka. Mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekuja kuuliza habari za makato ya mumewe aliye safarini, huambiwa na karani: "Ngoja kidogo, mama, mashine inatafuta." Dakika tano hupita, kumi hupita, na ile alama ndogo juu ya kioo huendelea kuzunguka kana kwamba nayo imechoka.

Lawama aghalabu huangukia mtandao, au umeme, au uzee wa mashine. Mara nyingine lawama hizo ni za haki. Lakini mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, mtandao ni mzima, umeme upo, na mashine ina nguvu tele. Kinachokawia ni swali moja tu, lililoulizwa ndani ya hifadhidata kubwa na kupewa njia mbaya ya kulifikia jibu lake. Kulitafuta swali hilo na kuitambua njia yake ni kazi inayofanana sana na upelelezi, na kama upelelezi wowote, huharibika pale mtu anapokamatwa kabla ushahidi haujapatikana.

RUBANI NA MAJEDWALI

Ili kuelewa jinsi mashine yenye nguvu inavyoweza kupotea njia, yafaa kurudi nyuma kidogo. Edgar F. Codd alizaliwa Uingereza mwaka 1923. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani katika Jeshi la Anga la nchi hiyo, na baada ya vita akahamia Marekani, akaajiriwa na kampuni ya IBM. Mwezi Juni 1970, akiwa katika maabara ya kampuni hiyo huko San Jose, California, alitoa makala ya kurasa chache iliyobadili kazi ya kutunza kumbukumbu duniani kote. Kabla yake, mwandishi wa programu alilazimika kujua kila habari imelala wapi, na kuiongoza mashine hatua kwa hatua: ingia hapa, fuata kiungo hiki, kisha kile. Kumbukumbu zikipangwa upya, programu nazo huharibika. Codd alisema kwamba habari zote na ziwekwe katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na mtu aulize anachokitaka pasipo kueleza njia ya kukipata.

Askari hataona ugeni katika wazo hilo. Kamanda hutaja lengo. Njia ya kulifikia huchaguliwa na yule aliye mbele, anayeiona ardhi kwa macho yake.

Basi, ndani ya mashine, nani aliye mbele? Jibu lililokubalika lilitolewa mwaka 1979 na Bibi Patricia Selinger na wenzake, wa maabara hiyo hiyo ya San Jose. Walieleza jinsi programu inavyoweza kuzipima njia mbalimbali za kulijibu swali moja, kuikadiria gharama ya kila njia, kisha kuichagua iliyo nafuu. Sehemu hiyo ya programu yaweza kuitwa mpanga njia, na imo katika kila hifadhidata kubwa ya namna hii. Ni karani mwepesi na mwenye bidii. Ila ana udhaifu mmoja, nao ni kwamba haioni ardhi yenyewe. Huona ramani tu. Na ramani ikiwa ya zamani, karani huyu hutumbukia mtoni akiwa na yakini kamili kwamba hapo pana daraja.

MASJALA YENYE MISTARI MILIONI 144

Msomaji na achukue mfano wa nchi yenye watumishi 60,000 wa jeshi, polisi na magereza. Kila mwezi kila mtumishi huandikiwa mistari 10 katika jedwali la malipo: mshahara, posho ya nyumba, posho ya chakula, kodi, akiba ya uzeeni, mkopo wa ushirika, na kadhalika. Hiyo ni mistari 600,000 kwa mwezi. Kwa miaka 20, tangu 2005 hadi 2024, imekuwa mistari 144,000,000. Na tuseme hifadhidata yenyewe ni PostgreSQL, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, na ambayo hutumiwa bila malipo na ofisi nyingi za serikali na za watu binafsi. Hifadhidata hiyo huweka habari zake katika kurasa za kilobaiti 8 kila moja. Ikiwa kila ukurasa unabeba mistari 80, daftari zima lina kurasa 1,800,000, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti 14.

Sasa karani anataka malipo yote ya askari mmoja. Iwapo hakuna kitu cha kuiongoza mashine, hapana budi ifungue kila ukurasa, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama askari huyo aliajiriwa mwaka jana. Diski isomayo megabaiti 200 kwa sekunde itatumia zaidi ya dakika moja kwa swali hilo moja. Wakiwa makarani ishirini wanauliza kwa wakati mmoja, foleni ya nje hufika barabarani.

Dawa ya hali hiyo ni faharasa, sawasawa na ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Aina itumikayo zaidi ilibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa wakifanya kazi katika maabara ya utafiti ya kampuni ya ndege ya Boeing, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1972. Waliiita mti wa B, na hawakupata kueleza herufi hiyo ina maana gani, jambo ambalo limewafanya wataalamu wabishane kwa miaka mingi bila faida yoyote. Uzuri wa mti huu ni kwamba ni mpana mno na mfupi mno. Kila ukurasa wake waweza kubeba anwani mia kadhaa. Kwa hiyo ngazi nne tu zatosha kulifikia jina lolote miongoni mwa mistari milioni 144. Askari wa miaka 20 ana mistari 2,400, iliyotawanyika katika kurasa zipatazo 240, kwa kuwa mistari yake ya kila mwezi iliandikwa pamoja. Mashine sasa husoma kurasa kama 250 badala ya 1,800,000. Hata diski ya zamani ya kuzunguka huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache.

Mtu akisikia hesabu hiyo, hutamani kuweka faharasa kila mahali. Ni kosa. Kila mstari mpya unapoandikwa, hapana budi uandikwe pia katika kila faharasa ya jedwali hilo. Na jedwali lenye faharasa kumi na tano hufanya usiku wa kupakia mishahara uwe mrefu kuliko zamu ya mlinzi. Tena, kujenga faharasa mpya kwa njia ya kawaida huwazuia watu wote wasiandike chochote katika jedwali hadi ujenzi uishe. Mafundi wamepata kulisimamisha dirisha la malipo siku ya malipo yenyewe kwa nia njema ya kuliharakisha. PostgreSQL ina njia nyingine, ya kujenga polepole ilhali watu wanaendelea kuandika. Huchukua muda mrefu zaidi, na ikikatika katikati huacha faharasa mbovu inayopaswa kufutwa kwa mkono, lakini kwa daftari linalotumika mchana kutwa ndiyo ifaayo.

USHAHIDI KABLA YA KUKAMATA

Fundi mzuri haanzi kwa kuweka faharasa, wala kwa kuizima mashine na kuiwasha tena. Kuizima hufuta ushahidi, na swali lililokuwa likikawia hurudi kesho likiwa lile lile. Huanza kwa kuuliza: ni swali gani hasa? Hifadhidata yaweza kuamriwa iandike katika kumbukumbu zake kila swali linalozidi muda fulani, mathalan sekunde moja. Pia kuna nyongeza ya kuhesabu kila swali limeulizwa mara ngapi na limetumia jumla ya muda gani. Hesabu hiyo ya pili hufichua mengi. Mara nyingine mkosaji si swali la dakika nne lililoulizwa mara moja, bali ni swali dogo la milisekunde mbili, linaloulizwa na programu mara 60,000, mara moja kwa kila mtumishi, ilhali lingeweza kuulizwa mara moja kwa wote. Dakika mbili hupotea hapo, na hakuna swali hata moja linaloonekana kuwa na hatia. Ni kama kumtuma mtoto dukani kununua chumvi, akirudi umtume sukari, akirudi umtume kiberiti.

Kisha fundi hutazama kama swali linafanya kazi kweli, au limesimama likingoja. Hilo ni jambo ambalo wengi hulisahau. Ikiwa karani mwingine amefungua mstari fulani ili aurekebishe, kisha akaenda kunywa chai kabla ya kuthibitisha, basi kila anayetaka kuurekebisha mstari huo hukaa mlangoni. Hapo hakuna faharasa wala mashine mpya itakayosaidia. Dawa ni kumrudisha karani mezani pake, au kuikata kazi yake. Hifadhidata yenyewe huonyesha nani anafanya nini sasa hivi, nani anangoja, na anamngoja nani.

Ikithibitika kwamba swali linafanya kazi, ndipo mpanga njia huhojiwa. Amri ya kumhoji ni EXPLAIN, yaani "eleza". Ukiitanguliza mbele ya swali, hifadhidata haijibu swali bali hueleza njia ambayo ingepita, ikitaja gharama na idadi ya mistari inayotarajia kukutana nayo. Ukiongeza neno ANALYZE, hupita njia hiyo kweli, na kuandika kando ya makadirio yake mambo yaliyotokea. Hapa pana hatari inayopaswa kutajwa kwa sauti: ikiwa swali ni la kufuta mistari, mistari itafutwa kweli. Mwenye busara huifungua kazi hiyo kama jaribio, na baada ya kusoma majibu huamuru kila kitu kirudi kilivyokuwa.

Majibu hayo mara nyingi huonyesha makosa ya kawaida sana. Faharasa ipo, ila swali limeandikwa kwa namna isiyoweza kuitumia. Faharasa ya majina imepangwa kwa jina kama lilivyoandikwa. Anayeomba majina yabadilishwe kwanza kuwa herufi kubwa yote, kisha yalinganishwe, ameifunga njia yake mwenyewe. Vivyo hivyo anayetafuta jina linaloishia kwa herufi fulani: kamusi haimsaidii mtu anayejua mwisho wa neno tu. Na anayetaka malipo ya mwaka 2019, akaiambia mashine itoe mwaka katika kila tarehe ndipo iulinganishe, ameilazimisha kufungua kila tarehe. Angeomba tu tarehe zilizo tangu 1 Januari 2019 na kabla ya 1 Januari 2020, faharasa ya tarehe ingemtumikia. Makosa hayo husahihishwa kwa dakika kumi, na hakuna haja ya kuyatolea hotuba.

MKASA WA MWAKA MPYA

Liko kosa jingine linalowatesa hata mafundi wa miaka mingi, kwa sababu hutokea pale ambapo hakuna mtu aliyegusa kitu. Msomaji na arudi kwenye jedwali lile la mfano. Desemba 2024 daftari linahamishiwa katika mashine mpya, na siku hiyo hiyo takwimu zake zinakusanywa. Kuna taarifa moja ambayo kila kituo huiomba baada ya malipo: orodha ya malipo yote ya mwezi, ikiunganishwa na jedwali dogo la mikopo ya ushirika lenye mistari 5,000. Desemba taarifa hiyo hutoka kwa sekunde chache. Mwezi Januari 2025 malipo mapya yanapakiwa, makarani wanabonyeza, na mashine inaganda. Programu ni ile ile, swali ni lile lile, mashine ni ile ile. Karani asiye na subira hubonyeza tena, na tena. Naye hajui kwamba aghalabu swali la kwanza halijafa, bali sasa yapo matatu yanayogombea nguvu ya mashine moja. Nje ya dirisha kuna mjane anayengoja kujua kama mkopo wa marehemu umekwisha kukatwa, asije akakatwa mara ya pili.

Fundi anapouliza kwa EXPLAIN na ANALYZE, anapata mistari kadhaa ya maelezo. Mmoja wasema kwamba jedwali la mikopo lilisomwa lote, kwa milisekunde 0.4. Fundi mgeni huuruka mstari huo, kwa maana 0.4 ni kitu kidogo mno. Lakini pembeni yake pameandikwa idadi ya mizunguko: 600,000. Muda unaoonyeshwa ni wa mzunguko mmoja. Milisekunde 0.4 mara 600,000 ni sekunde 240, yaani dakika nne. Na hizo ni dakika nne za swali moja likiwa peke yake. Mashine ilikuwa ikichukua kila mstari wa malipo ya Januari na kuisoma orodha nzima ya mikopo upya, mistari 5,000, ikalinganisha mara 3,000,000,000.

Kwa nini mpanga njia achague upuuzi huo? Makadirio yake yanamshitaki. Kwa malipo ya mwaka 2025 alitarajia kukuta mstari 1. Alikuta 600,000. Kwa mstari mmoja, kuisoma orodha ya mikopo mara moja ni jambo la busara kabisa. Hakuna sababu ya kufanya maandalizi makubwa. Mwezi Desemba, alipotarajia mistari 600,000, alikuwa ameipanga mikopo kwanza katika kumbukumbu ya mashine kwa namna ya kuipata upesi, kisha akapitisha malipo yote mara moja. Fikira zake zilikuwa sahihi miezi yote miwili. Ramani ndiyo iliyokuwa ya zamani: takwimu za Desemba ziliijua miaka 20, tangu 2005 hadi 2024, kila mmoja na fungu lake, na jumla ya mafungu hayo ilikuwa jedwali zima. Kwa mwaka 2025 hapakubaki kitu.

Hifadhidata hii ina mtumishi wake wa ndani anayepita kila mara kuangalia kama takwimu zimezeeka. Lakini kwa kawaida ameagizwa azikusanye upya pale tu mabadiliko yanapozidi mistari 50 pamoja na sehemu 10 kwa mia ya jedwali. Kwa jedwali la mistari 1,000 hiyo ni sawa. Kwa jedwali la mistari 144,000,000, sehemu 10 kwa mia ni mistari 14,400,000. Nayo malipo ya kila mwezi ni 600,000. Mtumishi huyo angekaa kimya kwa miezi 24. Kadiri daftari linavyokua ndivyo anavyozidi kulala, na ni ajabu kwamba kanuni inayofaa kabisa utotoni mwa jedwali huachwa bila kuguswa hadi jedwali liwe jitu.

Kuziamuru takwimu zikusanywe kwa mkono hakuchukui muda mrefu, kwa sababu hifadhidata haisomi jedwali zima. Kwa kawaida huchukua sampuli ya mistari 30,000 hivi. Katika sampuli hiyo malipo ya Januari 2025 yatakuwa kiasi cha mistari 120, nayo yatosha kabisa kumjulisha mpanga njia kwamba mwaka mpya umeingia. Taarifa hurudi kutoka kwa sekunde chache, na maswali yaliyokuwa yamerundikana hukatwa moja moja, ya wale waliobonyeza mara tatu yakitangulia.

Kisha hufuata kazi ya kuzuia. Jedwali la mikopo huwekewa faharasa ya namba ya utumishi, ili hata mpanga njia akikosea tena, kosa lake lisiwe la dakika nne. Jedwali la malipo huwekewa kanuni yake peke yake: badala ya sehemu 10 kwa mia, sehemu 0.2 kwa mia, yaani mistari 288,000, ambayo ni chini ya nusu ya malipo ya mwezi mmoja. Na kwa kuwa yule mtumishi wa ndani huamka kwa zamu, na makarani wa vituoni huweza kubonyeza kabla yake, amri ya kukusanya takwimu huandikwa mwishoni mwa kazi yenyewe ya kupakia mishahara, kabla ya mlango wa taarifa kufunguliwa.